Homa Imeshuka, Vijidudu Bado Vimo

Msimu wa kupuliza salfa ukiingia Masasi na Newala, kila mtu anakohoa. Unga wa njano unaning'inia chini ya mikorosho tangu alfajiri, wapulizaji wanarudi nyumbani macho mekundu, na kikohozi chao hakimshtui mtu. Ndivyo mjomba wangu alivyokaa na chake kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Agosti. Wote tulisema ni salfa. Salfa ikaisha, mikorosho ikashika korosho changa, mjomba bado anakohoa. Usiku jasho linalowesha shuka, mchana suruali inamshuka kiunoni. Alipopimwa makohozi akakutwa na kifua kikuu.

Alianza dawa, na baada ya wiki tatu alikuwa mtu mwingine. Homa ilikata, chakula kikapanda, akaanza kwenda shambani kwa miguu yake. Korosho zilipoanza kudondoka mwezi Oktoba, akaziacha dawa. "Mpwa wangu, mimi nimeshapona," aliniambia, nami nilimwamini, kwa sababu mtu niliyemwona mbele yangu alikuwa mzima. Februari alikuwa kitandani tena, akitema damu.

Mjomba si mzembe. Alisikiliza mwili wake, na mwili ulimwambia ukweli, ila ulimwambia nusu. Ndani ya kifua chenye TB kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja lakini hayaendi kwa mwendo mmoja: kuna bakteria, na kuna moto ambao mwili wenyewe unauwasha kupambana nao. Tunachokisikia, yaani homa, jasho, kukonda na uchovu, ni ule moto. Bakteria hawasikiki. Mtu akilishika hilo, mengi yanayowachanganya wagonjwa na wauguzaji wao yanafunguka: kwa nini nafuu huja mapema kuliko kupona, kwa nini karatasi ya maabara yenye herufi CRP haitoshi kumwambia mtu ana TB, kwa nini sindano ya kutuliza kifua inaweza kumuua mtu, na kwa nini ndugu wawili wakilala chumba kimoja anaugua mmoja.

Moto unavyowaka

Bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huzaliana polepole sana. Wakati bakteria wa kuhara huweza kujigawa kila baada ya dakika ishirini hivi, hawa huchukua karibu siku nzima. Wakivutwa na pumzi hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, humezwa na makrofaji, seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza wageni na kuwayeyusha. Wageni wengi huishia hapo. Huyu amejifunza kuishi ndani ya tumbo la aliyemmeza.

Makrofaji ikishindwa hupiga mbiu, na mbiu yenyewe ni protini ndogondogo zinazomwagwa kwenye damu. Zina majina yake: TNF, interlukini 1, interlukini 6. Seli T, aina ya seli nyeupe za damu, zikifika huongeza interferoni gama, inayoipa makrofaji nguvu ya kumuua yule iliyemmeza. Seli zinazidi kukusanyika mpaka zinawajengea bakteria boma la kuwazingira. Hali hii yote ya seli kujaa, mishipa kutanuka, joto na uvimbe, wataalamu wa Kiswahili huiita mchochota. Mimi nitaendelea kuiita moto, kwa kuwa ndivyo mgonjwa anavyousikia.

Kwa watu wengi boma linashika. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hawa, lakini katika kila 100 walioambukizwa ni 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao. Wengine wanaishi nao hadi uzeeni bila kujua.

Kwa mgonjwa, moto umeshindwa kudhibitiwa. Aina nyingine ya seli nyeupe, nyutrofili, huvamia kwa wingi na kumwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, zile nyuzi zinazolipa pafu umbo na nguvu. Katikati ya boma nyama inaoza, ukuta unatoboka, na penye pafu panabaki pango. Hewa ikiingia humo bakteria wanaongezeka kwa mamilioni. Pango likifunguka kwenye njia ya hewa, kila kikohozi kinawatoa nje. Likikata mshipa, mtu anatema damu. Shimo hilo lilichimbwa kwa sehemu kubwa na askari wa mwili wenyewe.

Zile protini za mbiu hazikai kifuani. Zikifika kwenye ubongo zinapandisha joto la mwili, na joto linaposhuka usiku ndipo jasho linapotoka. Zikifika kwenye misuli na mafuta zinavifanya viyeyuke. Mwaka 1985 watafiti waliokuwa wakitafuta kitu kinachowakondesha wanyama wagonjwa waligundua kwamba kitu hicho na TNF ni kimoja. Kwa hiyo mgonjwa wa TB anayekonda ilhali anakula hajarogwa. Moto unakula pamoja naye.

Koch mwenyewe aliuchokoza moto huu bila kuujua. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini, dawa aliyoitengeneza kutokana na bakteria wale wale, na wagonjwa wakamiminika. Walipodungwa homa zikapanda, mapafu yakavimba, baadhi wakafa. Baadaye tuberkulini ikapata kazi yake halali: kiasi kidogo mno kinachodungwa ndani ya ngozi ya mkono, kisha kupimwa uvimbe baada ya siku mbili au tatu. Hata leo uvimbe ule unamwambia muuguzi kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria. Haumwambii kwamba mtu anaumwa sasa.

Herufi kwenye karatasi ya maabara

Watu wengi siku hizi wanatoka hospitalini, iwe Mkomaindo, Ndanda, hospitali ya wilaya Newala au maabara ya mtu binafsi, wakiwa na karatasi yenye ESR au CRP, na mbele yake namba iliyozungushiwa duara. Wanaikunja, wanaipeleka kwa mwalimu wa shule awasomee. Mwalimu naye anakisia.

ESR ni kasi ambayo chembe nyekundu za damu hushuka ndani ya mrija kwa saa moja. Moto ukiwepo mwilini hushuka haraka. Lakini hushuka haraka pia kwa mjamzito, kwa mzee na kwa mwenye upungufu wa damu. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale interlukini 6 inapoliamuru. Kwa mtu mwenye afya huwa ndogo, kwa kawaida chini ya miligramu 5 katika lita, na kwa mgonjwa wa TB inaweza kupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Hupanda vilevile kwa nimonia, malaria, jipu, viungo vinavyouma na jeraha la panga.

Kwa maneno mengine, namba hizo zinasema kuna moto, na hazimtaji aliyeuwasha. Aliye na CRP kubwa na kikohozi asikubali kurudishwa nyumbani na antibayotiki peke yake. Aombe kupimwa makohozi. Aliye na CRP ndogo na kikohozi cha wiki mbili aombe vilevile. Kipimo cha CRP kina nafasi moja iliyo wazi: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali CRP inayozidi miligramu 5 itumike kuwachuja watu wenye virusi vya UKIMWI, ili wale waliovuka hapo wapelekwe kwenye kipimo kamili cha TB. Ni mlango tu, na nyuma ya mlango huo makohozi yanabaki ndiyo shahidi.

Makohozi nayo yana namna yake ya kutolewa, na hapa wengi wanakosea. Yanatolewa nje, penye upepo, mbali na watu. Suuza mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua. Mate hayana kazi. Ya asubuhi kabla ya kunywa chai ndiyo bora, kwa sababu yamekusanyika usiku kucha. Kopo lifungwe vizuri, lifikishwe siku hiyo hiyo.

Mashine ya GeneXpert inatafuta vinasaba vya bakteria ndani ya makohozi hayo na kutoa jibu kwa takriban saa mbili, pamoja na kueleza kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Nimewahi kusikia watu wakihofia kwamba mashine hiyo inasoma ukoo wa mtu. Haisomi. Inasoma ukoo wa kijidudu.

Kwa mtoto mdogo mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa hajui kukohoa makohozi akayatoa; huyameza. Ndiyo maana watafiti wa Mbeya na Bagamoyo waligeukia damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 walizichunguza seli T za watoto zinazowatambua bakteria wa TB, wakaangalia alama iitwayo CD27 juu ya seli hizo. Kwa mtoto aliyeambukizwa tu bila kuugua alama hiyo hubaki. Kwa mtoto anayeumwa seli huipoteza, kwa kuwa zimo vitani. Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Tanzania, kwa damu ya watoto wetu, nami naona fahari kuitaja.

Je, ni ugonjwa wa ukoo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa posa inapoletwa. Nyumba ambayo babu alikufa kwa kifua, baba akaugua kifua, watu hunong'ona kwamba kifua kimo katika damu yao.

Kifua kikuu hakirithiwi. Kinaambukizwa kwa hewa, na watu wa nyumba moja huugua kwa kufuatana kwa sababu wanavuta hewa moja. Hata hivyo jeni za mtu zina neno katika jinsi moto wake unavyowaka. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni moja inayotumiwa na makrofaji ziliongeza uwezekano wa kuugua. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi na wagonjwa wa TB ya utando wa ubongo nchini Vietnam walieleza habari ya jeni ya LTA4H: kwa umbo moja moto huwa mkali mno, kwa jingine huwa hafifu mno, na pande zote mbili mgonjwa anaumia. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na hilo. Kinachobaki ni kwamba kila jeni ina mchango mdogo, na hakuna hata moja inayomhukumu mtu. Njaa, virusi vya UKIMWI, kisukari, sigara, pombe kali na nyumba isiyopitisha hewa vina uzito mkubwa kuliko jeni zozote zinazojulikana. Kukataa mchumba kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Kuna habari nyingine ya jeni iliyo tofauti, nayo inaleta matumaini zaidi. Jeni hazikai zikifanya kazi wakati wote. Huwashwa na kuzimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba damu ya mgonjwa wa TB ina mpangilio wake wa jeni zilizowashwa, na kwamba mpangilio huo hufifia dawa zinapofanya kazi. Baadaye orodha hiyo ndefu ikapunguzwa hadi jeni tatu: GBP5, DUSP3 na KLF2. Kipimo cha tone la damu la kidoleni kilichojengwa juu ya jeni hizo kimeshafanyiwa majaribio. Mtu anayekohoa bila makohozi, au mtoto, angeweza kuchujwa kwa tone hilo. Hata hapo jibu la mwisho lingetoka kwa kijidudu chenyewe.

Kijidudu nacho kina nasaba yake. Huko Temeke, Dar es Salaam, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi wamekusanya sampuli za zaidi ya wagonjwa 1,000, za watu na za bakteria wao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wagonjwa wengi walikuwa na bakteria ambao mababu zao waliingia Afrika Mashariki kutoka nje katika karne chache zilizopita, na aina moja kati ya hizo ilikuwa imeenea kuliko zote. TB imesafiri na watu, kwa jahazi na kwa meli, kabla haijafika kwa basi.

Nafuu na kupona

Sasa turudi kwa mjomba. Dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, huwaua kwa haraka bakteria wanaozaliana. Idadi ikishuka, mbiu inanyamaza: interlukini 6 inapungua, CRP inashuka, homa inakata, njaa inarudi. Hayo huweza kutokea ndani ya wiki chache. Lakini ndani ya maboma wamebaki bakteria waliolala, wasiozaliana, na dawa haiwapati kirahisi mpaka waamke. Miezi minne inayofuata, ya rifampisini na isoniazidi, ni ya kuwavizia hao. Hawatoi homa wala jasho. Mwili hauna namna ya kukuambia kwamba wapo.

Kwa hiyo kipimo cha kupona ni makohozi yanayochunguzwa kwa hadubini mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Usishangae wahudumu wakiacha kutumia GeneXpert hapo. Mashine hiyo huona hata vinasaba vya bakteria waliokwisha kufa, na mapafu huchukua muda kuwaondoa maiti.

Tanzania ina historia kubwa katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari Karel Styblo, aliyewahi kuugua TB mwenyewe, alifanya kazi na wataalamu wetu kuijaribu tiba fupi inayosimamiwa, wakati huo ya miezi 8. Kilichothibitika hapa kikawa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliupeleka nchi nyingine katika miaka ya 1990. Wagonjwa wa vijiji vyetu ndio walioionyesha dunia kwamba inawezekana kumaliza dozi. Ratiba ya korosho isitushinde: kabla ya msimu, mwambie mhudumu unahamia shamba gani, upangiwe kituo cha karibu au upewe dawa za kutosha. Na katika vituo vya serikali dawa za TB ni bure, kama vilivyo vipimo vya makohozi.

Kinyume chake pia hutokea, nacho huwaogopesha watu zaidi. Mgonjwa anaanza dawa, anapata nafuu, kisha wiki chache baadaye homa inarudi na tezi zinavimba. Hutokea zaidi kwa mwenye virusi vya UKIMWI aliyeanza ARV karibuni. Kabla ya ARV, seli T zake zilikuwa chache. Moto haukuwa na kuni, hata picha ya kifua ikaonekana safi na makohozi yakakosa bakteria ilhali wamejaa mwilini. ARV zikirudisha askari, wanaamka na kuwakuta maadui, vita inaanza kwa kishindo. Mtu wa namna hii arudi kituoni haraka, lakini asiache dawa hata moja kwa uamuzi wake.

Hapa ndipo ilipo hatari ya duka la dawa. Deksamethasoni na prednisoloni, iwe kwa sindano au vidonge, huzima moto upesi. Daktari huzitumia kwa TB ya utando wa ubongo, na kwa mchochota unaofuata ARV, pamoja na dawa za kuua bakteria na kwa uangalizi. Mtu akizinunua peke yake kutuliza kifua, anapata nafuu ya siku chache huku boma likibomoka. Ushahidi tunao: mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa infliksimabu, dawa inayozuia TNF, walianza kuugua TB iliyokuwa imelala. Moto ule ule unaotoboa pafu ndio unaoshikilia ukuta wa boma. Muuzaji akikupa vidonge vya kifua, muulize jina la vidonge hivyo, na kama unakohoa kwa wiki mbili au zaidi usivimeze kabla ya kupima.

Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni kawaida ya rifampisini. Macho kuwa ya njano, kutapika mfululizo, au kuona kwa ukungu si kawaida; rudi kituoni siku hiyo hiyo. Ganzi ya miguu itaje pia, kwani ina tiba nyepesi.

Chungu cha nyumbani

Moto unaokula misuli unahitaji kulipwa. Ugali wa muhogo unashibisha lakini una protini kidogo mno. Kwetu kuna mbaazi, njugumawe, karanga, choroko na kisamvu, na kuna korosho, ambazo nyumba nyingi huzipeleka zote ghalani na kubaki bila hata kibaba cha mgonjwa. Weka kibaba hicho. Utafiti mkubwa wa Jharkhand nchini India, uliochapishwa mwaka 2023, uligawa chakula cha ziada kwa familia za wagonjwa, na TB mpya miongoni mwa wanafamilia ikapungua kwa karibu asilimia 40. Nafaka na kunde zilifanya kazi ya kinga.

Kikombe cha uraka, pombe yetu ya mabibo, hakiambukizi TB, wala sahani, wala kupeana mikono. Kinachoambukiza ni saa nyingi katika chumba kilichofungwa na mtu anayekohoa ambaye hajaanza dawa. Newala baridi ya Juni na Julai inatufanya tufunge kila dirisha. Lifunguliwe mchana, jua na upepo vipite. Mgonjwa akishaanza dawa zinazomfaa, uambukizaji wake hupungua haraka ndani ya wiki za mwanzo, hivyo hakuna sababu ya kumtenga na chakula au na wajukuu kwa miezi sita.

Wajukuu wenyewe wapelekwe kupimwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, akionekana hana TB, hupewa dawa ya kinga, hata kama alichanjwa BCG alipozaliwa. Mwenye virusi vya UKIMWI naye vivyo hivyo. Na kijana aliyerudi kutoka machimbo ya Tunduru, aliyeponda miamba na kuvuta vumbi lake, alitaje hilo kwa mhudumu, kwa sababu vumbi la mawe huua makrofaji kabla hata TB haijafika.

Mjomba alipimwa upya ule mwezi wa Februari. Bakteria wake hawakuwa sugu, akaanza miezi sita kutoka mwanzo, na safari hii shangazi akawa anamhesabia vidonge kila asubuhi. Makohozi yake yalikuwa safi mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Picha ya kifua bado inaonyesha kovu juu ya pafu la kulia, na akipanda kilima husimama mara mbili kuvuta pumzi. Pango likipona huacha kovu, na kovu halivuti hewa. Salfa siku hizi anapuliza kijana, yeye anakaa upande unakotoka upepo. Mwaka jana alikohoa tena wiki mbili. Alibeba kopo lake mwenyewe, asubuhi, kabla ya chai. Jibu lilikuja: hakuna bakteria.